Kodineti za ramani ya zamani na simu: kwa nini zinapishana mita 300

Ndugu yangu wa Mokowe, umeuliza mawili: kwa nini namba za shamba lako ulizosoma kwenye ile ramani ya serikali ya 1:50,000, ulipozitia kwenye simu, zilikupeleka hadi ndani ya mikoko, na kwa nini simu inasema uko chini ya bahari ilhali umesimama gatini.

Simu ni nzima, na ramani ni sahihi. Nimepima ardhi pwani hii, Malindi hadi Lamu, na nimeona watu wakigombana kwa jambo hilihili.

Dunia imetuna kwenye ikweta na kubonyea kwenye ncha. Nusu kipenyo cha ikweta kinazidi cha ncha kwa kilomita 21 hivi. Newton, mwanasayansi Mwingereza, alilifikia umbo hilo kwa hesabu. Wafaransa wakaenda kupima ardhini, Peru mwaka 1735 na Lapland mwaka 1736, wakakuta digrii moja ya latitudo ni ndefu zaidi kule karibu na ncha. Basi wapimaji huchukua duaradufu, yaani tufe lililobonyea, inayokaribia umbo hilo, wakaifunga kwenye dunia. Mfungo huo ndio datamu, na kodineti, yaani namba za mahali, bila datamu yake hazina maana.

Ramani yako ni ya datamu ya Arc 1960, yenye duaradufu iitwayo Clarke 1880, iliyotokana na pembetatu zilizopimwa kutoka kilima hadi kilima. Simu inatumia datamu ya WGS84, ambayo kitovu chake ni kitovu cha uzito wa dunia. Vitovu hivyo viwili vimeachana kama mita 340. Huku Lamu, namba za Arc 1960 zikisomwa kama WGS84 zinakutupa takriban mita 300 kaskazini na 100 magharibi. Kuna shamba huko Hindi, hapa hapa Lamu, tulifukua mchanga kwa panga, bikoni (alama ya mpaka) ikawa palepale, chuma ndani ya saruji, kichwa kimeota kutu, na simu ya mwenyewe bado inamwelekeza ng'ambo ya shamba la jirani.

Urefu je? GPS huhesabu kutoka kwenye duaradufu. Usawa wa bahari hufuata mvutano wa dunia, na huo ndio jioidi. Kusini mwa Sri Lanka jioidi imezama zaidi ya mita 100 chini ya duaradufu, na pwani yetu iko upande wa bonde hilo. Programu isiyosahihisha itakuonyesha zaidi ya mita 20 chini ya sifuri.

Tena ardhi yenyewe haitulii. Malindi kuna kituo cha kudumu cha kupokea mawimbi ya setilaiti, MAL2, na huko inaonekana tunasogea kaskazini mashariki sentimita mbili tatu kila mwaka. Kwa shamba lako hilo lisikusumbue.

La kufanya: kwenye programu chagua Arc 1960, UTM (mfumo wa namba za ramani kwa mita) zoni 37 kusini, ndipo utie namba. Watu wengi huacha 37 kaskazini. Itakufikisha shambani, lakini usichimbe nguzo ya mpaka kwa simu, maana inakosea mita kadhaa. Na kama karatasi yako imeandikwa Cassini, yaani mfumo mwingine wa zamani wa namba za ramani, namba zake usizitie kwenye simu kabisa. Mwite mpima mwenye leseni aanzie kwenye bikoni zilizobaki.