Kwotabeki mwenye kipaji anayegawa mpira: tumvumilie hadi lini?

Mkuu, umeuliza kwotabeki mwenye kipaji anayegawa mpira kwa wapinzani avumiliwe hadi lini, swali linalowanyima usingizi mashabiki wengi wa futiboli ya Marekani. Kwotabeki wako, yaani mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi, wiki hii anarusha yadi 400, wiki ijayo pasi zake nne zinanaswa na wapinzani, nawe hujui umtetee au umkatae. Jibu langu: usiishie kuhesabu pasi zilizonaswa, zipange kwa aina. Pasi 15 za aina moja zinatibika katika msimu mmoja. Pasi 15 za aina nyingine zitamfuata kila timu atakayohamia.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Jameis Winston akiwa na Tampa Bay Buccaneers mwaka 2019. Alirusha pasi 626, zikafika 380, yadi 5,109, na hakuna aliyemzidi yadi kwenye ligi nzima mwaka huo. Tachidauni (mpira kufikishwa eneo la mwisho la wapinzani, pointi 6) 33. Pasi zilizonaswa 30. Kabla yake NFL, ligi hiyo, haikuwahi kuwa na mtu aliyefikisha 30 pande zote mbili kwa msimu mmoja. Wa mwisho kunaswa mara 30 au zaidi alikuwa Vinny Testaverde, mara 35, mwaka 1988, naye alikuwa wa Tampa hiyo hiyo. Mashabiki wa timu ile wameonja kikombe hiki mara mbili.

Sasa tazama hasara ilivyoingia. Kati ya zile 30, saba zilirudishwa moja kwa moja hadi tachidauni. Hizo ni pointi 42 kabla hata ya mateke ya nyongeza, na safu ya ulinzi ya Tampa haikuwa uwanjani zilipofungwa. Timu ilifunga pointi 458, ikafungwa 449, ikamaliza na ushindi 7 na vipigo 9. Mtu akikuambia ulinzi wa Tampa mwaka ule ulikuwa ovyo kwa sababu ya hizo 449, mwombe kwanza atoe zile 42, halafu atoe zilizotokana na wapinzani kuanzia karibu na goli baada ya kunasa pasi.

Mechi ya Desemba 8 dhidi ya Indianapolis Colts ilikuwa na kila kitu. Darius Leonard alinasa pasi na kukimbia nayo yadi 80 hadi tachidauni. Colts wakaongoza 35-21. Mike Evans, mpokeaji tegemeo, alikuwa ameshatoka na maumivu ya msuli wa paja. Winston akainuka akamaliza na yadi 456, pasi nne za tachidauni, na moja akaikimbilia mwenyewe. Tampa 38, Colts 35. Pasi tatu zilinaswa siku hiyo, na timu ikashinda. Wiki iliyofuata akawapiga Detroit Lions yadi 458. Halafu Desemba 21, dhidi ya Houston, pasi yake ya kwanza kabisa ilinaswa na Bradley Roby ikarudishwa tachidauni. Siku hiyo alinaswa mara nne, Tampa wakafungwa 23-20. Ni mtu yule yule, ndani ya wiki mbili.

Mashabiki tunapenda kusema "ni siku yake mbaya". Siku mbaya ipo, lakini ukiziangalia pasi zenyewe moja moja, sababu zinajirudia. Mimi nazigawa katika makundi manne.

La kwanza si kosa lake: mpira umeguswa na mkono wa mlinzi wa mbele ukabadili njia, mpokeaji ameteleza au umemponyoka mkononi, au ni ile pasi ya kubahatisha sekunde ya mwisho kabla ya mapumziko. Zitoe kwenye hesabu. Humo weka pia pasi ndefu ya jaribio la tatu (timu ina majaribio manne ya kusonga yadi 10), zimebaki yadi 15, ikanaswa yadi 45 mbele na aliyenasa akaangushwa hapo hapo. Hiyo haina tofauti kubwa na kuupiga mpira teke jaribio la nne.

La pili ni miguu. Kwotabeki anarudi hatua tatu, tano au saba kulingana na njia watakazokimbia wapokeaji, na mguu wa nyuma ukitua, mpira unapaswa kutoka mara moja au baada ya kihatua kimoja cha kujiweka sawa. Uzito ukibaki kwenye mguu wa nyuma, pasi inapaa juu ya vidole vya mpokeaji na kuangukia mikononi mwa mlinzi wa mwisho. Mguu wa mbele ukielekea pembeni mwa shabaha, mpira unaenda nyuma ya mpokeaji. Makosa haya utayaona hata kwenye pasi ambazo hazikunaswa: mpokeaji yuko huru kabisa na mpira unampita kichwani.

La tatu ni macho. Kwotabeki anamkazia macho mpokeaji mmoja tangu mpira unapoanzishwa, au anaamini picha aliyoiona kabla ya kuanza, asitambue kwamba mlinzi wa kati amerudi nyuma na kusimama kwenye njia ya pasi. Kwake mpokeaji anaonekana huru, na kweli yuko huru dhidi ya anayemkaba. Anayenasa ni mwingine kabisa, aliyekuwa akimsoma kwotabeki macho.

La nne ni uamuzi: amemwona mlinzi, akaamua mkono wake una nguvu ya kupitisha mpira pale. Hapa panahitaji haki kidogo, kwa sababu timu ikiwa nyuma pointi 14 robo ya nne, kutorusha pasi za hatari ni kukubali kufungwa. Ila kwenye jaribio la kwanza, robo ya kwanza, 0-0, hakuna utetezi.

Ili uzipange vizuri usitegemee vipande vya dakika kumi vya mtandaoni. Najua kwa aliye Afrika Mashariki mechi za usiku wa Marekani zinaangukia saa 9 au 10 alfajiri, na wengi huishia kwenye vipande. Lakini vipande vinaonyesha mkono na mpira tu. Tafuta picha ya juu inayowaonyesha wachezaji wote 22. Simamisha kabla mpira haujaanzishwa, hesabu walinzi wa mwisho: mmoja au wawili? Ruhusu sekunde moja na nusu, simamisha tena. Kama walikuwa wawili na sasa ni mmoja, wapinzani wamebadilisha ulinzi baada ya kuanza, na hapo ndipo macho ya kwotabeki yanapojaribiwa. Kisha mtazame mlinzi wa kati: amegeuka kumfuata mtu, au uso wake uko kwa kwotabeki? Akiwa anamtazama kwotabeki, wanakaba eneo, na pasi ya katikati ya yadi 10 hadi 15 ni ya hatari.

Winston tatizo lake kubwa lilikuwa kundi la tatu. Chukua ile ya 30 yenyewe, Desemba 29 dhidi ya Atlanta, mechi ya mwisho ya msimu. Sare 22-22, muda wa nyongeza, Tampa ndio wanaoanza na mpira. Pasi ya kwanza, Deion Jones, mlinzi wa kati, akaingia mbele ya mpokeaji, akanasa na kukimbia yadi 27. Mechi imekwisha. Baada ya msimu alifanyiwa upasuaji wa macho kwa leza, na watu wakatumaini hapo ndipo tatizo lilipo. Lakini kumwona Jones kunahitaji uwe umetegemea kwamba anaweza kuwa pale, na hilo daktari hawezi kulirekebisha.

Utasema mfumo wa Bruce Arians, kocha wa Tampa wakati huo, ulimponza, maana Arians anataka mpira uende mbali, na pasi ndefu inamweka kwotabeki akisubiri muda mrefu nyuma ya ukuta wa wachezaji wanaomkinga. Ni kweli kwa sehemu. Winston aliangushwa na mpira mkononi mara 47 mwaka ule. Lakini mwaka 2020 Arians yule yule, akiwa na wapokeaji wale wale, Evans na Chris Godwin, alimkabidhi timu kwotabeki mkongwe Tom Brady. Pasi 610, tachidauni 40, zilizonaswa 12. Kwa Winston ilinaswa moja katika kila 21, kwa Brady moja katika kila 51. Brady aliongezewa mpokeaji Rob Gronkowski na mlinzi mpya wa ukuta, Tristan Wirfs, sikatai. Hata hivyo tofauti hiyo ni kubwa mno kuielezea kwa wasaidizi peke yao. Msimu uliishia na Tampa kushinda Super Bowl, fainali ya ligi, 31-9 dhidi ya Kansas City, kwenye uwanja wa nyumbani wa Tampa. Kwa shabiki aliyemtetea Winston miaka mitano, furaha ile ilikuwa na maumivu ndani yake.

Kundi la pili ndilo la kuvumilia. Josh Allen wa Buffalo Bills mwaka wake wa kwanza, 2018, alifikisha asilimia 52.8 tu ya pasi, tachidauni 10, zilizonaswa 12. Wengi walisema usahihi haufundishiki. Mwaka 2019 akapanda hadi 58.8, na 2020 hadi 69.2, tachidauni 37, zilizonaswa 10. Alifanyia kazi miguu na mzunguko wa kiuno nje ya msimu, timu ikamletea mpokeaji Stefon Diggs, na Brian Daboll, mratibu wa mashambulizi wa Bills wakati huo, akampangia mashambulizi yanayompa majibu mapema. Ona pia kwamba kila mwaka kulikuwa na hatua mbele. Ukiona miaka mitatu mchezaji yuko pale pale, usisubiri mwaka kama wa 2020 wa Allen.

Je, kundi la tatu halitibiki kabisa? Linadhibitiwa, kwa gharama. Sean Payton, kocha wa New Orleans Saints wakati huo, alimchukua Winston na mwaka 2021 akampunguzia mzigo: pasi 161 tu kwenye mechi saba, kukimbia kwingi, kusoma nusu ya uwanja badala ya uwanja mzima. Matokeo yakawa tachidauni 14, zilizonaswa 3, kabla ya goti kuharibika Oktoba 31. Kwenye mechi ya kwanza dhidi ya Green Bay alitoa tachidauni tano kwa yadi 148 tu, 38-3. Lakini wastani wake ulishuka hadi yadi 167 kwa mechi, kutoka 319 za Tampa. Kwa hiyo ukimfunga kamba unapata utulivu, ila ule mkono uliokufanya umpende unauona mara chache. Walipomfungulia tena akiwa na Cleveland Browns, Desemba 2, 2024, kule Denver, alirusha yadi 497 na tachidauni nne, akanaswa mara tatu, mbili zikarudishwa tachidauni, wakafungwa 41-32. Moja ya hizo mbili ilinaswa na Nik Bonitto wa Denver, ambaye kazi yake ya kawaida ni kumkimbilia kwotabeki. Safari hii alirudi nyuma na kusimama kwenye njia ya pasi, kisha akakimbia yadi 71.

Basi kwa kwotabeki wako, chukua mechi nane za mwisho. Kila pasi iliyonaswa andika jaribio la ngapi, yadi zilizobaki, matokeo wakati huo, na aliyenasa anacheza nafasi gani. Zaidi ya nusu zikiwa za walinzi wa mwisho kwenye mipira iliyopaa, ni miguu: mpe mwaka, na ulizia timu inamfundisha nani. Zikiwa za robo ya nne mkiwa nyuma, lalamikia ulinzi. Zikiwa za walinzi wa kati mapema kwenye mechi, na yuko msimu wa nne au wa tano, mnaweza kuendelea naye kwa mfumo wa Payton, lakini msimlipe bei ya mkono wake. Mwaka 2019 Tampa walimlipa Winston karibu dola milioni 21. Mwaka uliofuata New Orleans walimpata kwa zaidi kidogo ya milioni moja.