Rungwe ya karatasi na chai ya rangi

Wiki iliyopita mliuliza: "Ni zawadi gani uliyowahi kumtengenezea mpenzi wako kwa mikono yako mwenyewe, na aliipokeaje?" Mimi nilimkatia mchumba wangu mlima.

Nafundisha Jiografia sekondari hapa Mbeya. Wanafunzi wakikwama kwenye kontua, ile mistari ya urefu kwenye ramani, tunakata maboksi, kila kipande mstari mmoja wa urefu, tunavipandanisha mpaka mlima unasimama mezani. Wakati huo mchumba wangu, muuguzi, alikuwa amepangiwa kazi Dodoma. Kwao ni Tukuyu, chini ya Mlima Rungwe. Kwenye simu hakuwa akilalamikia kazi. Alisema, "Huku nikitazama mbali, macho hayakuti pa kukaa."

Mwanzoni nilikata watu wawili chini ya moyo mkubwa. Nikaitupa. Picha ile ingeweza kuwa ya watu wowote wawili duniani, na yeye alikuwa amenieleza wazi anachokikosa. Kwenye simu nilikuwa na picha niliyoipiga siku ya kwenda kujitambulisha, nikiwa barazani kwao nasubiri wazee: migomba, mteremko wa chai, msitu, kisha Rungwe na wingu lake.

Rangi ndiyo iliyonitesa. Macho huujua umbali kwa rangi: kilicho karibu kimekolea, kilicho mbali kimefifia kwa sababu hewa na ukungu vimekaa katikati. Kwa hiyo tabaka la nyuma lazima liwe jeupe kuliko yote, na la mbele liwe zito. Stesheneri nilizopita zilikuwa na manila ya waridi, njano, bluu na kijani. Rangi moja yenye ngazi sita haikuwepo. Jibu nilikuwa nalinywa kila asubuhi. Nilinunua manila nyeupe, nikachemsha majani mengi ya chai kwa maji kidogo, nikachuja na kumimina kwenye sinia. Tabaka la nyuma sikuligusa. La pili lilizama dakika moja, la tatu dakika tano, la nne nusu saa, la tano usiku kucha. La migomba, lile la mbele kabisa, nililirudia usiku tatu, kila usiku na chai mpya. Niliyaanika kivulini, na yalipokaribia kukauka nikayalaza chini ya vitabu vizito, maana manila iliyolowa ukiiacha hivi hivi inajikunja.

Kukata kunataka wembe mpya. Wembe butu hauikati manila, unaichana. Chini niliweka kipande cha kioo cha dirisha. Anza na matundu madogo ya ndani, ukingo wa nje uwe wa mwisho, la sivyo karatasi inalegea mkononi. Penye kona geuza karatasi, mkono ubaki palepale. Mlima ulikwisha jioni moja. Migomba ilichukua jioni nne, kwa sababu jani la mgomba limechanwachanwa na upepo, na kila mchano una mkato wake. Hapo ndipo nilipompenda zaidi, nasema kweli: jioni nne nzima nakitazama alichokitazama tangu utotoni.

Kati ya tabaka na tabaka nilibandika vipande vya boksi vya milimita 4, nikavificha pembezoni. Bila hivyo ni karatasi zilizolaliana tu; ukiweka nafasi, kivuli kinaingia, na ukiisogeza picha dirishani kivuli nacho kinasogea. Nafasi tano zilikula sentimita 2, na fremu za dukani ni nyembamba mno. Seremala mmoja wa Soweto, hapa hapa Mbeya, alinitengenezea yenye kina cha sentimita 3.

Niliipakata mwenyewe kwenye basi mpaka Dodoma. Alipofungua hakusema neno kwa muda. Kisha akaweka kidole juu ya kioo, kwenye upenyo kati ya migomba na chai, akasema, "Hapa ndipo mama anapoanika nguo." Akampigia mama yake palepale. Nilisikia "ndaga fijo", asante sana ya Kinyakyusa, ikitoka kwenye simu mara tatu, nikajua imefika na kwa mama mkwe.

Miezi miwili baadaye karatasi iliyozoea unyevu wa kwetu ilisinyaa kwa ukavu wa Dodoma, tabaka la tatu likabanduka. Nilimwambia asiiguse, ningekuja kuitengeneza. Nilipofika nilikuta ameshaifungua, amebandika upya, na kati ya migomba na mlima ametandaza nyuzi nyeupe za cherehani, zimelala mshazari kutoka juu mpaka chini. Nilipomuuliza ni nini, alishangaa.

"Mvua," akasema. "Uliona wapi Tukuyu bila mvua?"