"Borrow" na "lend" si neno moja

SWALI: Mwalimu, mimi ni katibu wa chama chetu hapa Umoja, na kumbukumbu za mikutano tunaziandika kwa Kiingereza. Mweka hazina hunikosoa kila mara kuhusu "borrow" na "lend". Nina kijitabu nilichonunua stejini kinachosema yote mawili ni "kuazima", nitumie lolote. Ni kweli?

JIBU: Si kweli, dada, na kijitabu hicho kiweke kando leo hii. Anaye-"borrow" anapokea, anaye-"lend" anatoa. Ni kopa na kopesha.

Linalowapotosha watu ni hilo "azima". Kwetu kitenzi hiki huenda pande zote mbili, na kiambishi ndicho kinachotuonyesha njia: "nimeazima jembe", nimepokea, "nimemwazima jembe", nimetoa. Ndiyo maana "niazime kalamu" inamtoka mtu kama "borrow me a pen". Huo si ujinga, ni sarufi ya Kiswahili inayosema kwa maneno ya Kiingereza. Lakini "borrow" haimbebi mtu namna hiyo. Inataka kitu, kisha "from": "borrow a pen from her". Anayebeba mtu na kitu pamoja ni "lend": "lend me a pen". Ukitaka kumtaja mtu mwishoni, "lend a pen to me".

Watu huchekwa kwa "borrow me", na mimi sioni cha kucheka, maana Nairobi nzima inaelewa. Linaloniumiza ni kosa linalopita kimya. Niliwahi kuletewa daftari la kikundi fulani limeandikwa "The secretary lent 20,000 shillings". Sarufi haina doa. Ila katibu yule alikuwa amekopa, na kwa maandishi yale yeye ndiye anayekidai kikundi! Wanachama walikuwa wamekwisha kuweka sahihi chini ya ukurasa.

Vijitabu hivi vya "Kiingereza kwa siku saba" vinanichosha kwa sababu vinauza neno kwa neno, bila hata sentensi moja. Neno la kitendo lazima ulijue pamoja na watu wake: nani anatenda, nani anatendewa, kitu kinakaa wapi. Angalia "steal" na "rob". Vijitabu vinasema yote ni "iba". Basi mtu aliyeibiwa simu kwenye matatu anaandika "I was stolen", yaani aliyechukuliwa ni yeye mwenyewe. Mtu ni "robbed", simu ndiyo "stolen".