Nauli ya Boston kwenda Brussels mwezi wa Julai: nilivyofanya mimi, na kosa lililonigharimu

Dada, nimesoma swali lako mara mbili. Mpo Portland, Maine, watu wanne: wewe, baba watoto na watoto wawili. Kaka yako anaoa Brussels Jumamosi ya katikati ya Julai, na kila ukitafuta unakutana na dola 1,300 kwa kichwa. Mimi naishi Worcester, Massachusetts, na dada yangu yuko Gent, Ubelgiji. Nimeshavuka Atlantiki kwenda kumwona mara saba, kwa mshahara wa kuhudumia wazee. Nauli ya chini kabisa niliyowahi kulipa ni dola 412 kwenda na kurudi, na ilikuwa Februari. Julai bei hiyo hutaiona, wala asikudanganye mtu. Ila kutoka 1,300 pa kushuka papo.

Kabla ya nauli, naomba tuongee viza, maana ndiyo iliyoniumiza. Mwaka 2022 niliona tiketi ya Boston kwenda Dublin kwa bei nzuri mno, halafu nikakata nyingine, shirika jingine, Dublin kwenda Brussels. Jumla ilikuwa chini ya kila kitu nilichokuwa nimeona. Nikafika Logan, uwanja wa ndege wa Boston, na begi langu, nikampa dada wa kaunta pasipoti yangu ya Tanzania yenye viza ya Ubelgiji. Akaifungua, akarudi kurasa nyuma, akafungua tena. "Viza ya Ireland iko wapi?" Nikamwambia siingii Ireland, napita tu. Akaniuliza begi langu nitalichukulia wapi. Hapo ndipo nilipoelewa. Tiketi zikiwa mbili tofauti, begi linashuka Dublin, na kulifuata lazima upite uhamiaji, uingie nchi ya watu. Ireland haimo kwenye Schengen, yaani zile nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Sikupanda ndege. Tiketi zote mbili zikapotea, nikarudi Worcester na basi la usiku, nimekumbatia sanduku lenye zawadi za mtoto wa dada.

Kwa hiyo dada, kama pasipoti yako ni ya Kongo, usiangalie ramani ya bei peke yake. Viza ya Ubelgiji inakufungulia Paris, Amsterdam, Lisbon, Frankfurt na hata Reykjavík, kwa kuwa zote ni Schengen. London na Dublin ziache, hata bei ikikuchekea. Grini kadi haiondoi haja ya viza hiyo, watu wengi hukosea hapo. Watoto kama wamezaliwa Marekani na wana pasipoti ya huku, wao hawana tatizo. Na kama unasafiria hati ya mkimbizi, ongea na ubalozi wa Ubelgiji kabla hujagusa tiketi. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, ada ni yuro 90 kwa mtu mzima. Omba miadi mapema uwezavyo, kwa sababu miadi ikichelewa, na tiketi utaikata kwa kuchelewa, na hapo bei inakuwa imeshapanda.

Sasa nauli. Acha kutafuta Portland kwenda Brussels. Hizo ni safari mbili za ndani zilizobandikwa kwenye safari ya bahari, na kila kipande kina bei yake. Tafuta Boston. Basi la Concord linatoka Portland na kuwashusha mlangoni pa Logan kwa kama saa mbili. Upande wa pili vilevile, usiandike Brussels tu. Andika Paris, andika Amsterdam, andika Lisbon. Treni ya Paris Gare du Nord hadi Bruxelles-Midi ni saa moja na dakika 22, na ipo pia ya moja kwa moja kutoka ndani ya uwanja wa Charles de Gaulle. Ukiikata mapema ni nafuu. Ukiikata siku hiyohiyo inauma. Acha saa nne hivi kati ya kutua na treni, kwa sababu ndege ikichelewa treni haikusubiri. Ukiweza, ingia Paris na utoke Amsterdam, lakini zitafute kwa pamoja kwenye tovuti ya tiketi, pale palipoandikwa miji mingi (multi-city). Usikate tiketi mbili za kwenda tu. Mashirika ya zamani hutoza tiketi ya kwenda tu karibu sawa na ya kwenda na kurudi, wakati mwingine hata zaidi.

Kuna mchangiaji hapo juu amekuambia ufute historia ya simu na utafute Jumanne usiku wa manane. Nilifanya hivyo miaka miwili, sikuona tofauti. Bei haipandi kwa sababu simu yako imekumbukwa. Ndege moja, viti vilevile vya nyuma, vimegawanywa kwenye madaraja ya bei, kila daraja na herufi yake na idadi yake ya viti. Viti vya daraja la chini vikiisha, unahamia la juu yake. Na hapa sikiliza vizuri, maana nyie mko wanne. Ukitafuta viti vinne na daraja la chini limebaki na vitatu, mfumo unawahamishia wote wanne kwenye bei ya daraja la juu.

Nililiona hili tulipokwenda na familia ya shemeji. Kwa watu wanne, kila mmoja dola 845, jumla 3,380. Nikabadilisha kuwa watu watatu: dola 742. Basi tukakata watatu kwa 742 na mmoja peke yake kwa 845, jumla ikawa 3,071. Dola 309 zimebaki mfukoni kwa dakika tano za kuhangaika, ndege ileile, siku ileile. Kwenu nyie, wewe na watoto muwe tiketi moja, baba yao peke yake, halafu mpige simu shirika la ndege wajue mnasafiri pamoja. Watoto wasiachwe kwenye tiketi isiyo na mtu mzima.

Siku nazo zina uzito. Ondoka Jumanne au Jumatano, rudi siku hizohizo. Google Flights, tovuti ya Google ya kutafutia nauli, ina kalenda inayoonyesha bei za mwezi mzima. Weka ikutumie taarifa kuanzia Januari ili ujue bei ya kawaida ni ipi. Asiyejua bei ya kawaida hawezi kujua nafuu ikija.

Ukiiona, ikate kwenye tovuti ya shirika lenyewe. Wizara ya uchukuzi ya Marekani inayataka mashirika yakuruhusu ama kushikilia bei kwa saa 24 bila kulipa, ama kufuta tiketi ndani ya saa 24 bila adhabu, ilimradi safari iko siku saba au zaidi mbele. Mara moja nilikata saa tano usiku, nikaamka bei imeshuka kwa dola 96, nikafuta na kukata upya kabla ya chai. Mawakala wa mtandaoni hawabanwi na sharti hilo. Ratiba ikibadilika, shirika linakuambia nenda kwa wakala, na wakala simu hapokei.

Angalia na mizigo. Tiketi ya dola 489 isiyo na begi la chini, lile linaloingia tumboni mwa ndege, ukiongeza 75 kwenda na 75 kurudi, inakuwa 639. Pembeni yake kulikuwa na ya 575 yenye begi ndani. Na harusini huendi mikono mitupu.

Mashirika mapya ya bei ya kutupa yanayovuka Atlantiki, nakuomba uyaangalie kwa makini. WOW lilifungwa Machi 2019, Play likafungwa Septemba 2025, yote ya Iceland, na abiria waliamka wakiwa na tiketi zisizo na ndege. Ukikata huko, lipa kwa kadi ya mkopo ili uweze kudai fedha zako benki. Kwa harusi ya kaka wa damu, mimi ningeongeza dola 60 nikapanda shirika lenye ndege nyingine kesho yake.

Niandikie hapa umri wa watoto na aina ya pasipoti zenu. Kama mdogo hajafika miaka miwili anaweza kupakatwa, na hesabu yote inabadilika.