Shukrani haimzuii mtu kulia

Swali la wiki hii linauliza kama mtu anaweza kumshukuru Mungu kwa dhati wakati mambo yamemwendea kombo. Anaweza, ila si kwa namna tunavyohimizana misibani.

Mtu kafiwa, machozi hayajakauka, anaambiwa: "Bwana alitoa, Bwana ametwaa, shukuru tu." Maneno ya mwanzo ni ya Ayubu, sura ya 1. Wanaoyatumia wangeendelea kusoma kidogo. Kwenye sura ya 3 Ayubu huyo huyo anailaani siku aliyozaliwa, kisha anabishana na Mungu bila kumung'unya maneno. Sura ya 42, wanaokaripiwa ni rafiki zake waliokuwa na jibu la kila kitu. Yeye anaambiwa kanena yaliyo sawa. Wenzetu Waislamu nao wanaye Nabii Yakubu: katika Sura Yusuf anahuzunika hadi macho yanakuwa meupe, na ni yeye yule anayetajwa kwa subira njema.

Mimi namuuguza mama. Kiharusi kimemlegeza upande wa kulia na kumnyang'anya maneno mengi. Kwa kiharusi hicho simshukuru Mungu, na anayetaka kuniambia ni baraka iliyojificha abaki nayo. Lakini asubuhi nikimvisha blauzi namwachia kifungo cha juu akifunge mwenyewe kwa mkono wa kushoto. Kinateleza, anakifuata, kinateleza tena. Nikinyoosha mkono kumsaidia, ananichapa kikofi. Kikiingia ananitazama kama mtu aliyeshinda kesi, na "asante Mungu" inanitoka kabla sijaipanga.

Zipo siku hakiingii. Analia kwa hasira, nami naenda bafuni na kufungua bomba asinisikie. Sala yangu siku hizo ni manung'uniko matupu, na bado naihesabu kuwa sala. Zaburi ya 88 inaishia gizani, haina shukrani hata mstari mmoja, na imo humo humo pamoja na zile za shangwe.

Kuhusu raha sina mengi. Zile kubwa, kama harusi au mtoto kuzaliwa, zinajishukuria zenyewe. Kila mtu anapiga vigelegele. Kazi iko kwenye zinazopita bila kubisha hodi: usiku wa kulala moja kwa moja, au ndugu kupiga simu kwa salamu tu, bila kuomba pesa (hutokea!). Hizo huwa nazitaja kwa jina kabla ya kulala, kwa sauti, mama akisikiliza. Wakati mwingine anaongeza ya kwake kwa kuonyesha kidole, na mara nyingi ni kile kifungo.

Kwa hiyo anayekuja kututembelea asituhimize kushukuru. Akae na mama nusu saa, nami nikajinyooshe.