Nakatwa pesa ya chama na bado mi ni kibarua

SWALI: Mzee habari. Mi napakia maua kwa shamba moja huku Naivasha, mwaka wa pili sasa. Nalipwa kwa siku, pesa tunapewa Jumamosi, na kila mwisho wa mwezi nakatwa ya chama cha wafanyakazi na huyo mtu wa chama sijawahi muona. Nikiuliza habari ya kuandikwa naambiwa we ni kibarua, shukuru uko ndani wenzako wako getini. Nitoke chama ama? – Mama Watatu, Karagita

JIBU: Mama Watatu, tuanze na hilo neno kibarua. Supavaiza analitumia ni kama ni jina ulipewa na wazazi lakini kwa sheria lina mwisho wake. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37, inasema ukifanya kazi siku za kufuatana mpaka zifike mwezi, unahesabiwa mtu wa mshahara wa mwezi, ata kama bado wanakupea pesa Jumamosi kwa bahasha, na ile siku ya kupumzika ya wiki na sikukuu zinahesabiwa humo ndani. Ukifika miezi 2 unadai likizo na notisi kama wenye wameandikwa. Ndio maana mahali pengine mtu anaambiwa "kaa nyumbani kidogo tutakuita", ni siku zisishikane.

Sasa we zishikanishe kwa karatasi. Nunua eksasaizi ya kurasa 48, andika tarehe, umeingia saa ngapi, umetoka saa ngapi, umepewa ngapi. Mi nilikuwa na yangu imejaa grisi mpaka kurasa zingine hazisomeki, na siku kiwanda tulikuwa tunafanya hapa Nakuru kilifungwa, tukafika asubuhi tukapata kufuli mpya getini bado ina kibandiko cha bei, ni hiyo eksasaizi iliniokoa manake kwa faili yao nilikuwa nimeanza kazi miaka 4 baada ya ile nilianza.

Haya, pesa ya chama. Haiwezi katwa hivi hivi, lazima uwe ulisaini Fomu S, ile ya kukubali kukatwa, na wengi walisaini siku ya kwanza kwa lile rundo la makaratasi bila kusoma (ata mimi, sitadanganya). Ukitaka kutoka unaandikia mwajiri barua, makato yanasimama mwezi unaofuata. Lakini mi nakuambia usitoke bado. Chama hakitambuliwi na mwajiri mpaka kiwe na zaidi ya nusu ya wafanyakazi wenye wanaruhusiwa kujiunga, kwa hivyo mkitoka mmoja mmoja kwa hasira atakayefurahi unamjua. Na kama kuna mkataba wa pamoja hapo kazini, ule chama kimesaini na mwajiri kwa niaba yenu, ata asiye mwanachama anaweza katwa ada kwa sababu anakula matunda yake. Afadhali mjikusanye wanawake wa pakihausi, muulize mwakilishi wenu alichaguliwa lini, na mtake kuona huo mkataba kwa macho. Na asikutishe mtu, kufuta mfanyakazi juu ya mambo ya chama si sababu halali.

SWALI: Mzee wangu, huku Nandi Hills tulikuwa tunachuma chai kwa mkono, majani mawili na chipukizi, unalipwa kwa kilo. Sasa mashine zimekuja na tunasikia tutapunguzwa. Nimefanya miaka 11. Naenda mikono mitupu?

JIBU: Hapana kaka. Mashine yenyewe sitakudanganya eti itarudi stoo, bei ya kuchuma kwa mkono ndio inawapigisha hesabu. Lakini kifungu cha 40 cha ile Sheria ya Ajira kinasema mwajiri apee chama na ofisa wa leba notisi ya mwezi mmoja na sababu zake, na kama hauko kwa chama akuandikie wewe mwenyewe. Akichagua wa kutoka aangalie nani ameanza kazi lini na uwezo wa kila mtu, si nani alimpigia kelele mwaka jana. Halafu akulipe likizo zote hujaenda, mshahara wa notisi, na siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka umemaliza, hiyo kwako ni siku 165. Usisaini karatasi ya "nimelipwa zote" kabla hujahesabu, na ukikawia zaidi ya miaka 3 kesi imekufa.

SWALI: Sisi wa kupeleka chakula na pikipiki hapa Kisumu, mwajiri ni simu. Tunaweza kuwa na chama? – Wa Kondele

JIBU: Katiba, kifungu cha 41, inasema kila mfanyakazi anaweza anzisha chama ama kujiunga na kugoma. Shida yenu ni hiyo kampuni itasema nyinyi si wafanyakazi, ni wafanyabiashara wenye wanatumia programu yake, na hiyo ngoma bado itachezwa sana kortini. Tom Mboya wa hapo Rusinga alianza mambo ya chama na wafanyakazi wa kaunsil ya Nairobi akiwa mkaguzi wa afya tu, kijana mdogo. Nyinyi anzeni na hapo mnangojeanga oda, mkuwe na orodha ya majina na kachango. Na kila jioni piga skrinshoti ya malipo yako ujitumie, manake hizo programu zinabadilishwa usiku na asubuhi hesabu ya jana haiko.