Jibu: Namba za dharura Dar, na wanajuaje ulipo?

Mkuu, umeuliza ukipatwa na dharura huko Mbagala upige namba gani, na anayepokea atajuaje ulipo. Polisi ni 112, Zimamoto na Uokoaji 114, na zote hazikati salio. Mtoto akinyanyaswa, piga 116.

Kwa mjamzito au kichanga aliyezidiwa kuna 115 ya mfumo wa m-mama, na hapa naona Serikali imefanya jambo la maana sana. Anayepokea anauliza hali ya mgonjwa, kisha anatafuta gari la wagonjwa. Likikosekana, anaitwa dereva wa kawaida aliyeandikishwa, naye analipwa na mfumo, si na familia. Kwa mama mwenye uchungu saa nane usiku, hilo ni jambo kubwa mno.

Sasa mahali. Mwaka jana nyumba ya jirani iliungua, nikabaki kuelekeza "ukipita msikitini kata kushoto, uliza kwa muuza mkaa". Muda ukapotea, na moto hausubiri! Mwaka 2022, kabla ya Sensa, ilifanyika operesheni ya anwani za makazi: mitaa ikapewa majina, nyumba zikapewa namba. Kwa hiyo leo jioni soma kibao cha nyumba yako, andika jina la mtaa na namba, bandika mlangoni hata dada wa kazi aione. Ukipiga, anza na hivyo kabla ya kueleza kilichotokea, maana simu ikikatika watakuwa wameshajua pa kuja.